Shotigani ya Polisi Iliyotumika: Namna ya Kujua Bei Yake ya Haki

Katika maduka mengi ya silaha Marekani kuna kona ya bunduki zisizovutia macho. Mitutu imechubuka, vitako vina mikwaruzo na namba zilizoandikwa kwa rangi nyeupe, chuma kimepauka. Hizo ni shotigani zilizorudishwa na idara za polisi. Wateja wa namna mbili huzikosea bei: wa kwanza anaona mikwaruzo anapita, wa pili anasikia neno "polisi" anatoa kadi ya benki bila kuuliza. Mikwaruzo haipunguzi thamani kiasi hicho, na neno polisi haliongezi thamani kiasi hicho. Bei iko mahali pengine, na ndiko tunakokwenda.

Kwanza ujue zinatoka wapi. Idara ikitaka silaha mpya, mara nyingi humkabidhi muuzaji mkubwa zile za zamani, thamani yake inakatwa kwenye bili ya zile mpya, na muuzaji anazisambaza madukani. (Si idara zote. Kuna miji inayoziharibu badala ya kuziuza.) Shotigani zilianza kutoka kwa wingi baada ya tukio la North Hollywood, Los Angeles, tarehe 28 Februari 1997. Siku ile majambazi wawili wa benki, wamejifunika mavazi ya kuzuia risasi, walipambana na polisi ambao bastola na shotigani zao hazikuwapenya. Idara nyingi zikaamua kuweka raifo kwenye magari ya doria, na shotigani zikahamia stoo.

Bunduki ya aina hii imekaa miaka mingi kwenye kibanio ndani ya gari, ikitikiswa, ikigongwa na mlango, ikilowa mvua askari anaposhuka nayo. Kupigwa risasi ni siku za mafunzo tu, nazo hazikuwa nyingi. Nje imeteseka, ndani mara nyingi iko karibu na mpya. Ya mwindaji wa bata huwa kinyume chake: inang'aa kwa mafuta, lakini imeshapiga maelfu ya risasi. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi ya kukadiria bei umeimaliza.

Kabla ya bei, ruhusa

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu waishio Marekani, kwa hiyo hili lisirukwe. Raia anaruhusiwa kununua, na mwenye green card pia, mradi hana kosa la jinai linalomzuia na anatimiza sheria za jimbo lake. Uliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya serikali kuu inakukataza, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Hapo usitegemee maneno ya rafiki wala ya muuzaji. Muulize mwanasheria wa uhamiaji, maana kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini.

Umri wa chini wa kununua shotigani kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 18 kwa sheria ya serikali kuu. Majimbo kadhaa yamepandisha hadi 21. Kumnunulia mtu mwingine kwa jina lako, hata akiwa binamu na pesa ni zake, ni kosa kubwa. Na kama kuna anayewaza kuificha kwenye kontena la kwenda Mombasa au Dar es Salaam pamoja na magodoro, aache kabisa. Kusafirisha silaha nje ya Marekani bila kibali ni jinai, na kule nyumbani hakuna silaha inayoingia bila leseni kutangulia.

Hatua ya kwanza: jua hasa ni bunduki gani

Nyingi utakazokutana nazo ni Remington 870, ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Ni ya kukoki kwa mkono: unavuta kishikio cha mbele, ganda linatoka, unakisukuma, risasi inaingia. Ilianza kutengenezwa mwaka 1950 na zimeshatoka zaidi ya milioni 10, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni adimu. Zinazofuata kwa wingi ni Mossberg 500 na 590. Mara mojamoja utaona Ithaca 37, ile inayoingiza risasi na kutema maganda kwa chini, iliyotumiwa sana na polisi wa New York na Los Angeles.

Nitakaa zaidi kwenye 870 kwa sababu ndiko watu wanakopigwa. Jina hilo moja linabeba bunduki tatu zenye bei tofauti. Wingmaster ni ya asili, chuma kimesuguliwa na kutiwa rangi ya bluu-nyeusi, kitako cha mbao. 870 nyingi za polisi za zamani ni hizi. Police Magnum ni ya kijivu kisichong'aa, imetengenezwa kwa ajili ya polisi, springi zake ni ngumu zaidi na ukaguzi wake kiwandani ulikuwa wa makini zaidi. Express ilianza mwaka 1987 kama toleo la bei nafuu kwa raia. Bado ni bunduki nzuri, ila imepunguziwa gharama hapa na pale.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi: mtu anachukua Express, anaivalisha kitako cheusi cha plastiki na mtutu mfupi, anaiweka mezani kwenye maonyesho ya silaha na kuiita ya polisi. Bei inapanda dola 100 au zaidi. Kumkamata ni rahisi. Soma upande wa kushoto wa mwili wa chuma, juu ya kifyatulio: jina la toleo limeandikwa hapo. Kisha omba kifuniko cha mbele cha bomba la magazini, lile la chini ya mtutu linalobeba risasi, kifunguliwe, uangalie ndani ya mdomo wa bomba. Express nyingi zina vibonyeo viwili vilivyosukumwa kwa ndani, vinavyozuia kuongeza urefu wa magazini. Police Magnum haina, wala Wingmaster za zamani. Angalia pia kikingio kinachozunguka kifyatulio. Kikiwa cha plastiki, hiyo ni Express, kwa sababu za polisi zilibaki na cha aluminiamu. Kikiwa cha aluminiamu hujathibitisha kitu, maana Express za mwanzo nazo zilikuwa nacho.

Namba ya bunduki nayo inasema. Kwenye geji 12, ikiishia na herufi V, chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ni ya risasi za inchi 2¾. Ikiishia na M, ni ya hadi inchi 3. Usiingize risasi ya inchi 3 kwenye chemba ya 2¾, hata kama inaonekana kuenea. Kwa ulinzi wa nyumba au kulenga shabaha, 2¾ inatosha na ndiyo risasi iliyojaa madukani, kwa hiyo sioni sababu ya kupunguza bei sana kwa ajili ya V. Muuzaji naye asikutoze zaidi sana kwa ajili ya M.

Kuna alama moja ndogo ambayo wengi wanaipita. Upande wa kushoto wa mtutu, karibu na unapoingia kwenye mwili wa bunduki, kuna herufi mbili au tatu zilizogongwa. Ya kwanza ni mwezi uliotengenezwa mtutu, kwa mpangilio wa herufi BLACKPOWDERX: B ni Januari, L ni Februari, A ni Machi, hivyo hivyo hadi X ya Desemba. Inayofuata ni mwaka, na majedwali ya miaka yanapatikana mtandaoni. Huo ni umri wa mtutu, si wa bunduki nzima; stoo za polisi zilibadilishana mitutu bila wasiwasi. Lakini umri una bei yake. Kampuni ilinunuliwa na wawekezaji mwaka 2007, na malalamiko kuhusu ubora yakaongezeka miaka iliyofuata. Ikafilisika 2018, ikafilisika tena 2020, na kiwanda cha Ilion, New York, kikafungwa 2024. Wanunuzi wanaojua huongeza kidogo kwa bunduki ya kabla ya 2007, nami nawaunga mkono, ingawa si kwa zaidi ya dola 50.

Hatua ya pili: tafuta bei ya kulinganisha

Bei iliyoandikwa kwenye kibandiko ni ombi. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu alilipa. Kwenye minada ya mtandaoni kama GunBroker kuna sehemu ya kuchuja minada iliyokwisha; angalia zilizouzwa, si zinazouzwa. Chukua tano au sita za toleo lile lile, urefu ule ule wa mtutu, hali inayokaribiana. Tupa ya juu kabisa, kwa sababu kuna watu wawili walishindana kwa hasira, na tupa ya chini kabisa, kwa sababu ina kasoro usiyoiona kwenye picha. Zilizobaki ndiyo soko.

Ili usianze gizani: kwa bei ninazoziona, 870 ya polisi iliyo katika hali ya wastani hadi nzuri inacheza kati ya dola 300 na 450. Express iliyotumika inashuka chini ya hapo. Mossberg za polisi hukaa karibu na mstari huohuo, isipokuwa 590A1 yenye mtutu mnene, ambayo hupanda. Bei hizi hubadilika. Mwaka 2020 watu walinunua silaha kwa pupa na hata mabovu yakaondoka kwa bei ya mpya, kwa hiyo mauzo ya wakati wa pupa usiyatumie kama kipimo.

Halafu weka sakafu na dari. Sakafu yangu ni Maverick 88, shotigani mpya ya bei rahisi inayotengenezwa na Mossberg, ambayo hupatikana kwa takriban dola 250. Bunduki ya polisi inayozidi bei hiyo lazima ionyeshe inazidi kwa nini. Dari ni bei ya 870 mpya dukani siku hiyo. Iliyotumika ikikaribia mpya kwa chini ya dola 80, niache nipite, labda iwe Wingmaster ya zamani iliyo safi, maana kazi ya mikono ya miaka ile huipati kwenye mpya.

Maneno ya hali ya bunduki yasikuchanganye. Kuna viwango vya NRA, chama cha wamiliki wa silaha, vinavyotumika sana Marekani, vinavyoshuka kutoka mpya hadi mbovu. Tatizo ni kwamba "nzuri" katika viwango hivyo inaruhusu uchakavu wa kutosha, na wauzaji wa mtandaoni wanalijua hilo. Wakiandika "nzuri" wewe soma "imechubuka lakini inafanya kazi".

Hatua ya tatu: ikague kwa mkono

Omba ruhusa kwa muuzaji kabla ya kugusa chochote. Elekeza mtutu pasipo na mtu, fungua bunduki, tazama chemba, halafu ingiza kidole uhakikishe haina risasi, na kwenye bomba la magazini vilevile. Fanya hivyo hata kama muuzaji amekwisha kufanya mbele yako. Hataudhika; muuzaji makini atakuheshimu zaidi.

Anza na nje, upesi. Rangi iliyopauka, mikwaruzo ya kibanio cha gari, namba ya gari iliyopakwa kwenye kitako, alama ya jina la idara: hivyo vyote havigusi utendaji. Ndivyo vinavyokupa unafuu, kwa hiyo vishukuru kimoyomoyo na usivisifie. Kinachogusa utendaji ni ufa kwenye mbao pale kitako kinapokutana na mwili wa chuma, bonyeo kwenye bomba la magazini (risasi zitakwama ndani), na mtutu uliogongwa.

Kutu inahitaji macho. Ipo ya juujuu, ya rangi ya chungwa, ambayo kitambaa chenye mafuta kinaifuta, hiyo usiihesabu. Ipo iliyokula chuma. Pitisha ukucha wa kidole gumba polepole juu ya doa: ukucha ukiteleza, ni ya juu, ukinasa kwenye vishimo, chuma kimeliwa na hakirudi. Vishimo nje ya mtutu, mbali na chemba, vinapunguza bei dola 20 au 30. Ndani ya chemba ni habari nyingine, na nitaifikia.

Sasa omba mtutu utolewe. Kwenye 870 ni kazi ya nusu dakika: kishikio kinavutwa nyuma kidogo, kifuniko cha bomba kinafunguliwa, mtutu unachomoka mbele. Muuzaji akikataa hata hilo, shaka yako iko mahali pake. Chini ya kishikio ndiko maji ya mvua yalikokaa miaka yote ile. Angalia bomba lilivyo huko. Kisha elekeza mtutu kwenye taa na uchungulie kutoka nyuma. Unataka duara safi za mwanga. Kivuli kinachofanya pete mahali fulani kinamaanisha mtutu umevimba hapo, pengine ulipigwa risasi ukiwa na uchafu au theluji mdomoni. Mtutu uliovimba ni wa kutupa, na bei ya mtutu mwingine inatoka moja kwa moja kwenye bei unayotoa.

Pitisha kidole ndani ya chemba. Iwe laini. Ikikwaruza au ikiwa na vishimo, maganda yatagoma kutoka, na huo ndio ugonjwa unaolalamikiwa sana kwenye Express. Kukwaruza kidogo fundi bunduki anaweza kukusugua kwa bei ndogo. Vishimo virefu, achana nayo.

Ukirudisha mtutu, geuza bunduki chini juu, tazama ulimi unaopandisha risasi. Kwenye 870 za kuanzia miaka ya 1980 ulimi huo umekatwa umbo la U katikati. Mkato huo ulikuja kutatua shida ya zamani: risasi ikiponyoka na kuingia juu ya ulimi, bunduki ilikuwa inajifunga kabisa, huwezi kuvuta wala kusukuma. Zisizo na mkato bado zinafanya kazi vizuri, na kuna vipuri vya kuzibadilisha. Mimi napunguza dola 25, kwa sababu ni hoja ambayo muuzaji anayejua silaha hawezi kuipinga.

Ndani humohumo, kwenye kuta za pande mbili, kuna vibati virefu vyembamba vinavyozuia risasi isitoke kwenye magazini kabla ya wakati. Vimeshikizwa kwa kugongwa ukingo wa chuma. Visukume kwa kidole. Vikicheza, siku moja risasi itakuchuruzikia miguuni. Kuvigonga upya ni kazi ya fundi, si yako na bisibisi. Angalia vilevile chuma kinachotema ganda, upande wa kushoto ndani ya mwili: kimepigwa ribiti, na springi yake ikivunjika matengenezo yake ni ya gharama kuliko vipuri vingine vyote vya ndani. Hapo ndipo bunduki ya dola 300 inaweza kugeuka ya 400 bila wewe kujua. Ile kucha inayovuta ganda, kwa upande mwingine, ni rahisi kubadilisha, usibabaike nayo.

Mwisho jaribu mwendo. Kama una risasi bandia za mazoezi, muulize muuzaji kama anakubali zitumike. Wengi hukubali. Pakia mbili au tatu, koki kwa nguvu kama mtu mwenye haraka. Zitoke moja moja, zikiruka mbali. Kisha, bunduki ikiwa tupu na imekokiwa, weka kifungo cha usalama na uvute kifyatulio: kimya. Ondoa kidole, achia kifungo bila kugusa kifyatulio: kimya tena. Ikilia hapo, irudishe mezani taratibu na uage. Hakuna bei ya haki kwa bunduki hiyo.

Kumbuka kwamba Ithaca 37 za zamani ukishikilia kifyatulio huku unakoki zinafyatua risasi mara tu bolti, chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, inapofunga. Ndivyo zilivyotengenezwa, si kasoro. Wakusanyaji wengine wanazitafuta kwa sababu hiyohiyo na wanalipa zaidi. Kama wewe ni mgeni wa silaha, hiyo kwangu ni sababu ya kutafuta nyingine.

Jambo moja la sheria linapimwa kwa futi kamba. Kwa sheria ya mwaka 1934, mtutu wa shotigani usipungue inchi 18, na bunduki nzima isipungue inchi 26. Ikipungua inahitaji usajili maalumu wa serikali kuu. Polisi walitumia nyingi za inchi 14. Bunduki ikiwa tupu na imefungwa, ingiza fimbo kutoka mdomoni hadi iguse bolti, weka alama, toa, pima. Mtutu uliokatwa kwa msumeno nyumbani, hata ukibaki na inchi 18 na robo, unashusha bei.

Vikorombwezo, na kipi kina bei

Magazini iliyorefushwa, springi mpya, mkanda, kibeba risasi ubavuni: muuzaji atavitaja kimoja kimoja kana kwamba kila kimoja ni dola 50. Ukivinunua vimetumika ni vya bei ndogo. Ninavihesabu vyote pamoja kwa dola 40 au 50 vikiwa vizima. Kishikio cha mbele chenye taa ya kampuni ya Surefire ni tofauti, maana kikiwa kipya ni ghali. Angalia tu kama taa ni ya LED au ya balbu ya zamani inayokula betri. Ya balbu nailipia kidogo sana.

Kitako cha chuma kinachokunjwa kwa juu, cha kiwandani cha Remington, kinatafutwa na wakusanyaji na peke yake kinaweza kufikia mamia ya dola. Kama kipo na ni halisi, bei iliyoandikwa inaweza kuwa ya chini kuliko inavyostahili; nyamaza, lipa. Vipo vya kuiga pia, kwa hiyo tafuta jina la kiwanda kwenye chuma.

Na jina la idara lililochorwa? Kwa bunduki ya matumizi, halina bei. Kwa mkusanyaji, idara maarufu pamoja na barua inayothibitisha vina bei. Bila barua ni mchoro tu, na kuchora chuma ni rahisi. Kuna upande mwingine wa mchoro huo: ukiuona kwenye bunduki ya mtu binafsi asiyeweza kueleza ilivyomfikia, inawezekana iliibwa. Fanyeni mauzo kupitia muuzaji mwenye leseni, na muulize kituo cha polisi cha eneo lako kama kinaweza kukuangalizia namba hiyo kwenye orodha ya silaha zilizoibwa.

Hatua ya nne: jumlisha mpaka mlangoni

Hapa ndipo bei ya mtandaoni inapopoteza utamu wake. Bunduki haiji nyumbani kwako. Inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni, naye anakutoza kwa kukuandikia fomu. Tuseme mtandaoni ni dola 339. Kodi ya asilimia 7 ni 23.73, usafirishaji 30, ada ya muuzaji wa kwenu 35. Jumla 427.73. Dukani kwenu ipo ya 399. Kodi ileile ni 27.93, jumla 426.93. Zile dola 60 ulizodhani umeziokoa hazipo, na hii ya dukani umeishika mkononi, umechungulia mtutu wake. Majimbo mengine yana ada ya ukaguzi juu ya hizo, uliza kwanza.

Ukinunua kwa wauzaji wakubwa wa mtandaoni, wengi wana chaguo la kulipa dola 10 au 20 zaidi ili mfanyakazi akuchagulie iliyo bora kwenye rundo. Lipa. Bila hivyo unapata inayofuata kwenye foleni, hata kama ndiyo iliyolowa kuliko zote.

Hatua ya tano: patana

Wauzaji wakubwa wa mtandaoni hawapunguzi. Duka dogo na duka la rehani hupunguza, na la rehani zaidi, kwa kuwa fedha yao imelala kwenye rafu. Kiangazi maduka huwa na wateja wachache kuliko vuli, msimu wa uwindaji unapofunguliwa.

Usipatane kwa kulia hali. Huku Marekani ile staili ya Kariakoo ya kuanza na nusu ya bei, ukaondoka, ukaitwa, haifiki mbali. Muuzaji anaona humheshimu na anageukia mteja mwingine. Kinachomfungua ni orodha fupi ya kasoro zenye bei. Mwonyeshe: kitako kina ufa, cha kubadilisha kilichotumika ni dola 40, springi ya magazini imechoka, 15, ulimi hauna mkato, 25. Jumla 80. Ikiwa ameandika 399, sema 320 kisha nyamaza. Mtakutana 350 au 360, na kila mmoja ataona ameshinda. Ukiona anakataa kabisa, omba akuongezee mtutu wa pili au boksi mbili za risasi. Hivyo kwake ni rahisi kuliko kushusha namba iliyo kwenye kompyuta.

Na kama bunduki haina kasoro na bei iko ndani ya soko ulilolitafuta, usibane. Zilizo safi hazikai dukani ukapate muda wa kurudi Jumamosi.

Fomu na risiti

Mkishakubaliana utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, kwa ukweli, bila kuacha nafasi, ukiwa na kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa. Mwenye green card aende nayo. Muuzaji anaulizia kwenye mfumo wa serikali kuu wa kukagua wanunuzi, ulioanza mwaka 1998. Jibu linaweza kuja kwa dakika chache, au ukaambiwa usubiri. Majina yetu yanayofanana, Juma Ali na Hassan Mohamed, husubirishwa mara nyingi kwa sababu ya mtu mwingine mwenye jina hilo, haimaanishi umekataliwa.

Uliza kuhusu kurudisha kabla hujasaini. Maduka mengi hayapokei silaha iliyokwisha kuandikwa kwa jina lako, hata ikiwa ni saa moja baadaye. Yanayopokea huandika siku ngapi na kwa kasoro gani, na hiyo iandikwe kwenye risiti yenye namba ya bunduki. Linganisha namba ya kwenye risiti na ya kwenye chuma herufi kwa herufi, pamoja na ile V au M ya mwisho, ukiwa bado umesimama kaunta.